Mbili ya Kijeshi

Wote, Makueni
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako Shangazi Wayua,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Natumaini barua hii itakufikia kabla Nzuki dereva hajaifungia karanga njiani. Nimemwambia ni mambo ya hospitali. Anaogopa hospitali kuliko anavyomwogopa Mungu, kwa hivyo labda hataifungua. Ningekupigia, lakini tangu simu yako iangukie chooni umekataa nyingine, na hata ilipokuwa hai ulikuwa unaisikiliza kwa lile sikio lisilosikia makusudi.

Sisi ni wazima. Baba amechaguliwa tena kiongozi wa kwaya. Hakupingwa, maana hakuna mwingine anayetaka kushinda kanisani Jumamosi nzima. Wanajiandaa kwa Pasaka na sauti ya tatu bado haijapatikana. Mama amevuna ndengu kiasi, na hasemezani na jirani kwa sababu ya kuku ambaye mimi naamini alijiendea mwenyewe.

Sasa jambo lenyewe. Unajua niko kasualti, kule kwa wagonjwa wa dharura, hospitali ya misheni pale nje ya mji. Mwaka jana, nikiwa likizo, aliletwa mama mmoja anaumwa na tumbo na kutoka jasho. Wenzangu wakamwuliza yale ya kila siku: ameolewa, ana watoto, mzee wake anafanya kazi gani. Wakampa dawa ya asidi akarudi nyumbani. Baadaye ndipo tukajua alikuwa mwanajeshi mstaafu, aliwahi kurushwa na mlipuko, na hakuna aliyemwuliza. Kwenye karatasi yetu, jeshi lilikuwa swali la wanaume. Mwanamke aliulizwa kama bwana yake alikuwa jeshini.

Sisi manesi tukaamua kila mwanamke aulizwe mwenyewe. Mtu aliyepitia milipuko hapimwi kama mtu aliyepitia harusi tu. Sista Wariara, mkubwa wetu, ambaye hucheka mara moja kwa msimu kama mvua ya huku, ametupa mpaka mwisho wa Juni. Tusipompata hata mwanamke mmoja, swali linafutwa, kwa sababu anasema Makueni hakuna watu kama hao.

Na kweli hatumpati! Tunauliza, "Mama, umewahi kuwa askari?" Mmoja alishika mkoba wake akasema, "Kwani nani ameiba?" Mwingine alikubali kwa furaha, tukakusanyika wote. Kumbe analinda duka la mabati, na alitaka kujua kama tunatafuta mtu wa usiku. Wewe ulivaa sare miaka yote ile. Tunakosea wapi?

Na lingine. Krismasi nilikuona ukipanda kutoka mtoni, unasimama kila mara umeshika kifua, halafu unajifanya unaangalia ng'ombe wa watu. Nilipokuuliza ukaanza kuimba. Sijasahau. Hilo ulijibu kwanza.

Mpwa wako,
Mwongeli

*

Matinyani, Kitui
Jumapili, 16 Machi 2025

Wakya, Mwongeli. Itikia salamu, sema "aa", nasubiri. Haya.

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Nzuki anasema aliihifadhi vizuri, yaani chini ya kiti pamoja na jeki, mwezi mzima. Nimemwambia angekuwa kwa jeshi langu angekuwa bado anakimbia na gunia la mchanga mabegani.

Huku ni salama. Mbuzi wawili wamezaa, na wote wamezaa madume, sijui wanafikiri nitayafanyia nini. Mwau, yule wochi wa duka la simiti sokoni, ameoa tena. Watu wanasema bibi ndiye analinda duka siku hizi, Mwau analala. Pasta mpya ana sauti ya kupasua vioo, na kwa mtu wa sikio moja kama mimi hiyo ni baraka. Usiulize sikio la pili lilienda wapi. Liliharibiwa na kwaya ya baba yako.

Sasa hilo swali lenu. Nani alilitunga, mwanamume? Sisi Wakamba tuna neno moja tu la askari, musikali. Mwau ni musikali. Polisi anayekula kuku wa watu ni musikali. Yule wa kaunti wa kukimbiza wauza nyanya ni musikali. Na mimi niliyeshika bunduki nchi za wenyewe, nikila maharagwe ya mkebe, ni musikali vilevile. Sasa unamsimamia mama wa watu amevaa kitambaa cha kanisa, mbele ya mzee wake na mama mkwe, unamwuliza kama yeye ni askari. Akisema ndiyo, wewe umemwelewa nini? Kwamba analinda kisiagi cha unga.

Halafu kuna jambo nyinyi watoto hamlijui. Tuliporudi kutoka jeshini, watu walisema sisi ni malaya wa kambi. Walisema hivyo hata kanisani, wakitabasamu na kutupa mkono wa salamu. Wengi wetu tukafungia sare sandukuni tukasema tulikuwa na kazi Nairobi. Mwenzangu Mbula aliolewa kule Mbooni akawaambia wakwe alikuwa hotelini. Hotelini! Eti akitandika vitanda! Huyo Mbula ndiye aliyenivuta kutoka kwenye lori linalowaka, na kule kwao anajulikana kwa kukunja shuka. Hiyo inaniuma kuliko sikio.

Kwa hivyo acheni kuuliza kazi. Ulizeni namba. Simama mbele yake, si nyuma, usimguse, usitabasamu. Sema kavu tu: "Namba?" Raia atakupa ya simu. Mwanajeshi atakupa ya jeshi kabla akili haijamkataza. Yangu iliingizwa kichwani kwa kupigiwa kelele, na nikifa malaika wa mlangoni ataisikia kabla hajasikia jina langu.

Krismasi nilikuwa naangalia ng'ombe. Walikuwa ng'ombe wazuri. Na kama kulikuwa na kitu kifuani, ni gesi ya muthokoi wa mama yako, ambao aliutoa motoni mapema kama kawaida yake.

Na usinitume kliniki. Mwaka juzi nilienda moja, sitaitaja, nikatoa kadi yangu ya kustaafu. Kijana wa pale mbele akaigeuza kama anatafuta tarehe ya kuharibika. "Mama, hii ni ya mzee?" akaniuliza. "Lazima mzee mwenyewe akuje." Nikamwambia mzee wangu alikufa akiwa mwalimu wa nasari, hajawahi kushika hata panga. Akasema basi hiyo itakuwa ngumu. Niliondoka na nikaapa sirudi mahali pa namna hiyo, na mimi kiapo nilifundishwa na serikali.

Ni mimi,
Sajini mstaafu Wayua, shangazi yako

*

Wote, Makueni
Jumapili, 27 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Aa! Nimesema kwa sauti, wenzangu wamegeuka kuniangalia.

Pasaka ilipita salama ukiondoa kwaya. Sauti ya tatu ilifufuka kabla ya Yesu. Watu walikuwa bado wako kaburini na huzuni yao, mara Mzee Mulwa akapaaza "Haleluya" peke yake, na Baba akamtupia kitabu. Mama anakusalimu, na anasema muthokoi wake haukuwa na shida yoyote, shida ni watu wanaokula kama wako vitani.

Tulijaribu namba. Siku ya kwanza mama mmoja alinipa namba yake ya siri ya simu, mbele ya watu, nikamwomba asirudie. Mwingine alidhani naulizia kitabu cha nyimbo, akataja wimbo na kuuanza, na wagonjwa wa benchi wakaitikia. Sista Wariara alitoka ofisini akasimama mlangoni amekunja mikono. Nilijua tumekwisha.

Halafu akaja mama mmoja kutoka milimani. Sitaji jina wala kijiji, ni siri ya mgonjwa. Kitambaa cha kanisa kichwani, mzee wake kando akimjibia kila swali. Eti ni tumbo, eti alikula parachichi. Nikasimama mbele ya mama, nikasema, "Namba?" Shangazi, ule mgongo ulinyooka! Aliimwaga yote bila kuvuta pumzi, akamalizia, "Afande!" Mzee akamgeukia.

"Lakini si wewe ulikuwa hoteli?" akamwuliza.

"Ilikuwa hoteli ya vitanda mingi," mama akamjibu, macho yakiwa kwangu.

Nikamwuliza maumivu ni ngapi kutoka kumi. Akasema mbili. Alikuwa amelowa jasho, taya limekaza, rangi ya midomo imemtoka. Raia akisema mbili tunamwambia angoje kwenye benchi. Mimi nikamsukuma moja kwa moja kwenye mashine ya moyo, na ile karatasi ilipotoka Sista Wariara aliacha kukunja mikono. Ulikuwa moyo, si parachichi. Alikuwa nao hivyo tangu asubuhi, akiwapikia wageni chai. Tulimpa dawa, tukamwekea laini ya mshipani, gari likampeleka Machakos. Yuko hai. Mzee wake alikaa nje ya kasualti akirudia ile namba polepole, anajifunza.

Tangu hapo kuna maandishi kwenye ubao wetu, kwa mkono wa Wariara mwenyewe: "Mbili ya kijeshi ni nane. Asiachwe kwenye benchi." Hakucheka, lakini alitununulia maandazi. Na mwezi huohuo tukawapata wengine wawili. Mmoja hasikii upande wa kushoto na miaka yote alikuwa anaambiwa ana kiburi. Swali halifutwi tena.

Sasa Shangazi, nakuuliza kwa heshima zote. Ukipanda kutoka mtoni na mtungi, ni ngapi kutoka kumi?

Mwongeli wako

*

Matinyani
Jumapili, 25 Mei 2025

Wakya, Mwongeli.

Nzuki alikuwa na barua yako ndani ya koti la mazishi. Alilivaa matangani mara tatu bila kuikumbuka barua, halafu akaniletea akasema pole. Sijui pole ya nini.

Mvua imetudanganya tena. Mahindi yamefika kiunoni yakakata shauri kuishia hapo. Mbaazi ndizo zinajitahidi. Pasta ametangaza kufunga na kuomba, lakini watu wa huku wamefunga tangu Machi bila kutangaziwa. Mwau ameibiwa kofia ya kazi akiwa ameivaa.

Siku hizi maji analeta punda wa jirani. Si kwamba siwezi kushuka mtoni. Ni kwamba punda anahitaji mazoezi.

Huyo mama usiyemtaja, mwambie kuna mtu Matinyani asiyemtaja pia, ambaye amecheka mpaka mbuzi wakaja kuangalia. Halafu nililia kidogo. Nilikuwa peke yangu kwa hivyo haihesabiki. Mwambie na mzee wake, akishaijua namba, ajifunze pia kupiga saluti, kwa sababu bibi yake alimpita cheo siku ya kwanza ya ndoa.

Mwandiko umepinda kwa sababu kalamu ni mbovu. Barua hii nimeianza Alhamisi.

Kuhusu lile swali lako. Mbili.

Wayua

*

Wote
Jumanne, 27 Mei 2025

Sajini Wayua,

Leo hakuna salamu. Wote ni wazima, inatosha.

Barua yako nimeisomea mlangoni, Nzuki hata hajazima gari. Punda, kalamu mbovu, barua ya siku nne, na mbili. Ungeandika matusi ningetulia zaidi. Nimempigia simu Mwau aje akuangalie. Ameniambia amekukuta umekaa mlangoni, midomo haina rangi, na bado ulimfukuza na fagio.

Yule mama wa mwaka jana, wa dawa ya asidi. Nilikuandikia kwamba alirudi nyumbani. Hakufika. Alifia njiani, amekaa kwenye bodaboda, na aliyemwendesha alidhani amelala. Kwamba alikuwa mwanajeshi tulijua mazishini, walipokuja wanawake wazee wenye bereti wakasimama kando ya kaburi, na mzee wake akawa anauliza watu hawa ni akina nani. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniuliza alisema maumivu ni ngapi. Karatasi yake niliiona. Alisema mbili.

Umenifundisha kuuliza, halafu nikikuuliza wewe unanidanganya kama mimi ni kijana wa kaunta. Nimekasirika, Shangazi. Nimekasirika, na leo niko zamu.

Sikiliza. Shiko, yule msichana wa Nyeri tuliyefanya naye kazi hapa, aliyemsumbua Wariara mpaka akakubali hili jambo, alihamia Kitui mjini mwezi jana. Yuko kasualti, na ameanza kazi yetu huko. Anajua unakuja. Hakuna mtu atakayekuuliza mzee. Huendi kliniki, unaenda kwa Shiko, kwa hivyo kiapo chako kiko salama.

Nzuki anageuza gari sasa hivi na barua hii, mfukoni mwa shati, si koti. Ana amri asiondoke kwako bila wewe. Anakuogopa sana, lakini mimi ananiogopa zaidi kwa sababu mimi ndiye humdunga sindano. Kama unanipenda, panda gari. Kama hunipendi, panda pia.

Mwongeli

*

Kitui mjini, wodi ya wanawake
Ijumaa, 30 Mei 2025

Wakya, mwanangu.

Nimepanda. Naandika nimeegemea mito, na huyu wa kitanda cha pili anasoma kila ninachoandika, kwa hivyo nimsalimu hapahapa: habari yako, Kalondu, angalia kwako. Ameletwa kwa mguu na sasa anaumwa na mdomo, haufungi.

Nzuki aliendesha akiomba kwa sauti, macho amefumba, mpaka nikamwambia Mungu anaona lakini yeye pia inabidi aone. Tulipofika alitoka akaniacha garini akakimbilia ndani akipiga kelele, "Nimemleta! Nimemleta!" kama amekamata chui.

Shiko wako ni kafupi sana. Alikuja akasimama mbele yangu, upande wa sikio zuri. Ulimwambia, au aliona? Akasema, "Namba?" Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba sitaitoa, nione atafanya nini. Ikatoka yenyewe. Nikajaribu na saluti, mkono ukakataa kupanda.

"Maumivu ni ngapi, Sajini?"

"Mbili."

Akaita watu wa machela. Nikamwambia, "Wewe msichana, nimesema mbili."

"Nimeskia," akasema. "Hiyo ni yenu. Lala."

Alitaka kukata blauzi. Aliniomba kwanza. Alivuta pazia, akamtoa wochi nje, akaniambia ataweka mkono hapa, halafu hapa, na kweli akauweka pale aliposema. Mwongeli, nimeguswa na watu wengi kwa kazi ile, na wengine hawakuomba, na hilo sikuwahi kumwambia mtu wala sitakuambia zaidi ya hapa. Nililala pale na waya kifuani nikatokwa na machozi, na Shiko akaendelea na kazi yake bila kuniambia nyamaza. Nilimpenda kwa hilo.

Ni moyo. Mshipa umeziba. Wamenituliza na dawa, na daktari anasema Jumanne napelekwa Nairobi wapitishe waya kwenye mkono mpaka kifuani waufungue. Nikamwuliza kama atatumia spana. Hakucheka. Nimeweka sahihi.

Sasa nikuambie. Haikuwa mbili. Krismasi ilikuwa nne, ikawa inapanda, na Nzuki aliponikuta ilikuwa tisa na nilikuwa nimeshaamua ni nani atachukua mbuzi. Nilisema mbili kwa sababu jeshini mwanamke akisema tano aliambiwa arudi jikoni, na baada ya miaka ile yote mdomo haujui namba nyingine. Nilikudanganya wewe kama nilivyowadanganya wao, na wewe si wao.

Nilitaka kumalizia na mzaha juu ya baba yako. Ninao, tena ni mzuri. Lakini naogopa, Mwongeli. Kule tulikopelekwa risasi zilipita na sikuogopa hivi, kwa sababu Mbula alikuwa bega kwa bega nami. Hapa nasikia ile mashine inahesabu kifua changu na niko peke yangu na Kalondu, ambaye hata sasa anasoma.

Usinijibu. Nzuki yuko nje na gari halina mzigo. Panda uje.

Shangazi yako,
Wayua